Jina Libaki

Niliagwa mwezi uliopita kwa wali, samaki na hotuba nne, tatu kati yake za watu ambao hawakuwahi kunipenda. Nikapewa doti mbili za kanga, saa ya ukutani na kiti cha kupumzikia. Walimu vijana ninaowaachia kazi wakaniomba niwaandikie machache ya kuwasaidia. Vyeo na mishahara nitaviruka, havimfundishi mtu kitu. Nitawaandikia habari za rejista, na za jina moja ambalo mpaka leo likitajwa natazama chini.

Mimi ni Mmatengo wa Maguu, huko milimani, nimekulia kwenye kahawa. Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Kitura. Siku ya kwanza niliingia darasa la pili nikiwa nimevaa sketi ya kuazima, nikaanza kuandika tarehe ubaoni, chaki ikakatika. Nikachukua nyingine, nayo ikakatika. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akanionea huruma, akasema, "Mwalimu, ishike karibu na ncha." Chuoni nilikaa miaka miwili na hilo hawakunifundisha.

Kitura sikudumu. Nilihamishiwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa kwa sababu ya mdomo wangu, na hapo naomba tusiendelee. Kijiji chenyewe sitakitaja, wanaokijua wanakijua. Niseme tu kwamba ukifika Lipingo hujakosea njia sana. Tuliteremka milima kwa lori la chumvi, mimi, godoro langu na ndoo mbili, na joto likazidi kila tulipopita kona. Huko nilikuta watu wanaokula ugali wa muhogo, wanaoongea Kinyasa nisichokielewa hata neno moja, na wanaojua mambo yangu yote kabla sijafungua mzigo. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya pili bibi mmoja jirani aliniletea usipa wabichi, vile vidagaa vya ziwa, kwenye sahani, akanionyesha namna ya kuwakaanga bila kuwavuruga, basi nikanyamaza.

Bibi huyo mtakutana naye tena, maana ndiye aliyekuwa bibi yake Oliva, mwenye lile jina nililoanza nalo.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Nyoni, mwenyeji wa hapohapo, mtu mfupi mwenye sauti nene aliyeimba besi kwenye kwaya ya Kianglikana. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na rejista ya uandikishaji ambayo aliifunga kwa kitambaa cha shuka na kuifungia kabatini, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Alinionyesha: jina la mtoto kwa wino mweusi, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi. Akifariki au akihama, mstari mmoja wa wino mwekundu juu ya jina, na pembeni neno moja la kueleza. "Mstari uwe mmoja, Mwalimu," aliniambia, "na jina lisomeke chini yake. Mtoto hafutwi." Nikaona nimepata mwalimu kweli. Na nilikuwa nimempata, pamoja na hayo yatakayofuata.

Wakati huo ndipo zilipoanza zile enzi za ruksa. Maduka yalijaa sabuni, mitumba ikaingia kwa marobota, na kila mtu akawa na mpango wa biashara. Na watu wakaanza kuhama. Kwa watu wa ufukweni, kuvuka ziwa kwenda Malawi si safari ya ajabu. Wana shangazi huko, wana makaburi huko, lugha zao zinasikilizana. Zamani walivuka kwenda kuzika na kuoa, sasa wakawa wanavuka na masanduku, wake na watoto. Na mtu mwenye mtoto wa shule hakosi kupita kwa mwalimu kuuliza, huyu nimfanyeje?

Fomu ya uhamisho tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kutoka shule hadi shule ndani ya nchi. Ya kwenda ng'ambo haikuwepo. Tuliandika barua kwa mkono, tukagonga muhuri, basi. Kazi hiyo Mwalimu Nyoni alinipa mimi kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na pamoja na barua nikarithi ushauri. Njia zenyewe zilikuwa chache. Unaweza kuondoka na mtoto, ukijua kwamba kule madarasa ya juu wanasoma kwa Kiingereza, na mtoto wetu wa darasa la sita, aliyefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, anaweza kurudishwa la tatu akae na wadogo zake. Unaweza kumwacha kwa bibi amalize la saba, kisha amfuate baba na cheti chake mkononi. Mwenye uwezo angeweza kumpeleka bweni kwa masista, lakini wenye uwezo hawakuja kuniuliza mimi.

Kulikuwa na njia ya nne ambayo hukuti kwenye mwongozo wowote. Mzazi anaondoka na mtoto, lakini kabla ya kuinuka kwenye kiti anasema, "Mwalimu, jina libaki." Maana yake, usipige mstari mwekundu. Mambo yakienda kombo kule, mtoto arudi akute nafasi yake. Lilikuwa ombi la heshima, kama mtu anayekuomba umtazamie mbuzi wake. Na mwalimu aliyekubali aliagwa kwa kushikwa mkono kwa mikono miwili.

Sasa niwaambie lile ambalo wazee wenzangu wanalijua na nyinyi mmelisikia juujuu. Darasa la saba halikuwa na kurudia. Ukifeli umefeli, sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabika na za binafsi ndio kwanza zinachipuka. Kwa hiyo mzazi mwenye ndugu mwalimu alimhamisha mtoto aliyefeli akamleta shule ya mbali, akaingizwa la sita au la saba kwa jina la mtoto aliyeondoka. Anaitikia jina hilo, anafanya mtihani kwa jina hilo, na akifaulu anaondoka nalo maisha yake yote. Hatukusema tunadanganya. Tulisema tunamsaidia mtoto. Na majina yaliyofaa zaidi yalikuwa yale yaliyoachwa na waliovuka ziwa, maana hayakuwa na mstari mwekundu.

Oliva alikuwa mwanafunzi wangu wa Hisabati tangu la nne. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mtoto alijifunzia hesabu kwenye futi ya kupimia na makopo ya vifungo. Siku moja akiwa la tano nilikosea ubaoni, sehemu kumi na mbili nikazigawa ovyo. Oliva hakuninyooshea kidole darasani. Alisubiri mapumziko, akaja na daftari lake, akasema, "Mwalimu, samahani, mimi nimepata jibu jingine, sijui nimekosea wapi." Hakuwa amekosea. Alinihifadhia aibu yangu, mtoto wa miaka kumi na moja.

Mitumba ilimmaliza baba yake. Nani atashonesha mashati wakati mnadani yanauzwa kwa bei ya vifungo? Kaka yake aliyekuwa Nkhata Bay, Malawi, akamwita, kule kuna duka linataka fundi wa sare za shule. Mwisho wa mwaka, Oliva akiwa amemaliza la sita, baba alikuja ofisini na kofia mkononi. Nakumbuka alivyokaa, kwenye ukingo wa kiti.

"Mwalimu," akasema, "mimi na mama yake tumeona Oliva abaki kwa bibi yake. Umebaki mwaka mmoja tu. Wewe unasemaje?"

Lile lilikuwa shauri zuri kuliko yote, na mtu huyu alikuwa amekuja nalo mwenyewe mpaka mezani kwangu. Nilichotakiwa ni kusema, ndiyo baba, fanya hivyo.

Lakini wiki ile nilikuwa nimepata barua kutoka Maguu. Sesilia, mtoto wa mdogo wangu, alikuwa amefeli la saba, na kilichomwangusha zaidi ni Hisabati. Mdogo wangu alikuwa mjane. Aliandika, "Dada, wewe ndiye mwalimu wetu." Hakuandika zaidi, na hakuhitaji. Nilihitaji jina la mtoto wa kike wa kuingia la saba mwezi wa kwanza, na jina lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye ukingo wa kiti.

Nikamwambia baba Oliva kwamba mtoto wa kike anahitaji kuwa karibu na mama yake. Nikamwambia bibi amezeeka. Nikamwambia Oliva ni mwerevu, Kiingereza atakishika kwa miezi mitatu, na kule akikishika atakuwa amewapita wenzake wote wa huku. Nilisema vizuri sana. Mdomo ulionitoa Kitura ndio uliofanya kazi siku ile.

Alifikiri, akainuka. "Basi tutakwenda naye. Lakini Mwalimu, jina libaki."

"Litabaki," nikasema. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Mwalimu Nyoni nilimweleza siku ileile. Alizungusha ufunguo wake kidoleni. "Ni mtoto wa nani?" akauliza. Nikamwambia ni wa mdogo wangu. Akasema, "Kila mmoja wetu ana mdogo wake." Aliwahi kufanya hivyo kwa binamu yake, kwa hiyo hakuwa na pa kunikatalia. Mwezi wa kwanza Sesilia akateremka na lori na sanduku la bati, na nikamkalisha kitandani kwangu nikamwambia: kuanzia kesho shuleni wewe ni Oliva. Akauliza, "Na nyumbani?" Nikamwambia nyumbani wewe ni Sesilia. Akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa mtoto mbaya, na naomba msomaji asimchukie.

Oliva alirudi mwezi wa sita.

Bibi alimleta asubuhi, amevaa sare yake ya zamani iliyoteremshwa upindo. Nikasema shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, akanieleza. Kule walimpima kwa Kiingereza wakamweka darasa la tatu. Alikaa dawati moja na watoto wa miaka minane, magoti yakigusa ubao. Oliva mwenyewe akaongeza, polepole, "Hesabu zenyewe nilikuwa naziweza, Mwalimu. Nilikuwa sielewi wanauliza nini." Baba yake akaona bora arudi amalize, kwa kuwa Mwalimu alisema jina litabaki. Bibi alinishukuru kabisa. Alileta na samaki, mbasa wawili waliokaushwa.

Ningeweza kusema kweli pale pale. Muda ulikuwepo, mtihani ulikuwa mwezi wa tisa. Badala yake nikasema aingie tu darasani, tutaangalia, na nikaenda kumtafuta Mwalimu Nyoni. Nilikuwa sijamfikia niliposikia kwamba mwalimu wa zamu, kijana mgeni asiyejua lolote, ameshafungua daftari la mahudhurio la darasa la saba na kuanza kuita. Alipofika kwa Oliva, wasichana wawili walisimama, wakasema kwa pamoja, "Nipo."

Darasa likacheka. Watoto wengi walikuwa wanajua, watoto hujua kila kitu, lakini kilikuwa kicheko kile cha woga. Niliingia nikawakuta bado wamesimama. Sesilia alikuwa analia. Oliva alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa uleule wa siku aliyoniletea daftari, kama anayesubiri nimwambie amekosea wapi.

Tulimwita Oliva na bibi yake ofisini. Mwalimu Nyoni akaeleza kwamba majina ya watahiniwa yameshakwenda wilayani Mbinga, hayarudi. Hiyo ilikuwa kweli nusu. Kurudi yangerudi, ila yangerudi na mkaguzi, na sisi wawili tungekwenda naye. Mimi nikasema mwakani tutamsaidia. Kuna mtoto anaitwa Neema, nikasema, wazazi wake wamehamia Msumbiji, jina lake lipo. Oliva atafanya kwa jina la Neema.

Oliva akauliza, "Na huyo Neema akirudi?"

Bibi akainuka, akafunga kanga yake, akasema twende mama. Samaki wake aliwaacha mezani. Sikuwala, ila kuwarudisha pia sikuthubutu.

Matokeo yalipotoka, kijiji kizima kilipata msichana mmoja tu wa kwenda sekondari. Jina la Oliva likabandikwa ukutani ofisi ya kijiji. Wasiojua siri, na hao walikuwa watu wazima wengi, wakaenda kumpongeza bibi. Jumapili kanisani wakamshika mkono mmoja mmoja, hongera bibi, mjukuu wako ametutoa kimasomaso. Nilikuwa benchi la nyuma ingawa mimi ni Mkatoliki, nilikwenda kwa hofu kwamba leo atasema. Akawaitikia wote, "Asanteni." Jioni nilimfuata nikamwuliza kwa nini amenifichia siri. Akaniambia, "Wana wa watu wengine bado wanasoma kwako." Kisha akaendelea kupepeta muhogo wake. Nilitaka anitukane. Mpaka leo natamani angenitukana.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi kwa namna nyingine, na hapa ndipo vijana mchukue kalamu. Mzazi anayehama nchi akija kwako, piga mstari mwekundu mbele yake, siku hiyohiyo, na umwonyeshe. Pembeni andika alikokwenda na darasa aliloacha. Mpe mtoto madaftari yake yote aondoke nayo, hasa ya Hisabati, maana tarakimu zinasomeka hata na mwalimu asiyejua lugha yako. Andika barua kwa lugha ya huko. Kama hujui, tafuta padri au mganga wa zahanati akuandikie. Kama umebaki mwaka mmoja mtoto amalize, mwambie mzazi amwache amalize. Akirudi mtoto mwenye mstari mwekundu, mwandikishe upya kwa jina lake lilelile, sheria haikatai. Hayo yote niliyajua tangu mwanzo. Na kabla hujafungua mdomo kushauri, jiulize wewe mwenyewe unapata nini ndani yake. Mimi sikujiuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Mwalimu Nyoni alistaafu, akaniachia ufunguo bila msalaba. Alifariki miaka michache baadaye na niliimba kwenye mazishi yake. Sesilia alisoma, akawa muuguzi, yuko Mbinga. Wagonjwa na wakubwa wake wote wanamwita Sista Oliva, na huko Maguu tunamwita Sesilia. Mama yake alipofariki aliomba ruhusa kazini, wakakuta kwenye faili kwamba mama yake ana jina jingine na anaishi ng'ambo, ikabidi aseme amefiwa na mama mdogo. Alizika mama yake mzazi kwa siku za ruhusa ya mama mdogo. Alirudi kwangu akaniambia, "Mama mkubwa, mimi jina hili sikuliomba." Kweli hakuliomba.

Oliva hakuvuka tena ziwa. Alikaa na bibi mpaka bibi akafariki, akaolewa na mvuvi, sasa ana biashara yake ya kukausha usipa na kuwapeleka Mbinga. Wanawake wenzake wa kikundi wamempa kazi ya mahesabu, na nasikia wafanyabiashara wa mjini wanamwogopa. Watu wanamwita Mama Furaha. Sijasikia mtu akimwita Oliva miaka mingi.

Siku ya kuniaga ndiye aliyekaanga samaki. Hotuba zilipokwisha alikuja akapiga goti, akasema shikamoo Mwalimu. Nikasema marahaba mwanangu. Akasema ana ombi. Nikajua leo ndiyo leo, nikajiandaa.

"Naomba nikione kile cheti," akasema. "Cha kidato cha nne. Nikione tu."

Nilipanda Mbinga nikamwomba Sesilia. Hakuuliza swali, alikitoa kwenye bahasha akanikabidhi, akaenda chumba cha pili. Wiki iliyofuata niliteremka nacho. Nilimkuta Oliva kwenye vichanja vyake. Alinawa mikono kwa sabuni, akajifuta kwenye kanga, akanawa tena. Alikishika kwa pembe zake mbili. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo alilolisoma mwanzo lilikuwa jina. Alilisoma kwa sauti, majina matatu, lake, la baba na la babu.

Kisha akashuka kwa kidole. "Hisabati ni ipi hapa, Mwalimu?"

Nikamwonyesha mstari. Akauwekea kidole.

"D," akasema.

"Ndiyo, D."

Akanirudishia cheti kwa mikono miwili. "Mimi nisingepata D, Mwalimu," akasema, akarudi kugeuza usipa.